Breki Mbili Kabla ya Mteremko

Kutoka Lushoto kushuka hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na ukifika chini umeshateremka karibu mita 1,000. Kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, Burundi, mteremko ni mkali zaidi, na vijana hupita pale wamefunga mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli mpaka wao wenyewe hawaonekani vizuri. Wundanyi, Iten, Iringa mjini, Kabale, Bukavu: kila penye milima pana watu wanaoteremka kwa baiskeli kila siku, na wengi wana breki moja tu, au hawana kabisa. Kama wewe ni mmoja wao, au mwanao anakwenda shule kwa baiskeli ya namna hiyo, hebu tukae tuzungumze. Tutaangalia breki ipi inafaa baiskeli ipi, inafungwaje, kazi apewe nani, na uandae fedha kiasi gani.

Huenda utasema, mbona miaka yote nasimamisha kwa mguu na sijaanguka? Kwenye tambarare inawezekana. Unabana tairi la mbele kwa soli ya ndala, au unaburuza mguu chini, na baiskeli inatulia. Mlimani hesabu ni nyingine. Chukua baiskeli, mwendeshaji na mzigo, jumla kilo 120. Uzito huo ukishuka mita 1,000 unatoa nguvu ambayo, ikigeuzwa yote kuwa joto, inachemsha zaidi ya lita tatu za maji. Sehemu ya nguvu hiyo inamezwa na upepo. Inayobaki lazima ipitie mahali unaposimamishia, na kama mahali penyewe ni ndala, soli inalainika na kuanza kuteleza. Kibaya zaidi, gurudumu la mbele linaweza kuuvuta mguu na kuubana kwenye foku, yaani ule uma wa chuma unaolishika. Likikwama ghafla hivyo, mwendeshaji anarushwa mbele juu ya usukani.

Hata chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli inayobeba viazi na makaa kuingia Goma, ina breki yake: kipande cha tairi kilichofungwa nyuma, ambacho mwendeshaji anakikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu. Waliobuni chombo hicho walitenga mguu na gurudumu kwa kitu kinachoweza kulika, na wakakiweka nyuma. Baiskeli yako ya chuma inakwenda kasi zaidi ya chukudu, basi nayo inahitaji zaidi ya hapo.

Ngapi? Mbili, kila moja ikijitegemea kwa waya wake na mkono wake. Mkono wa breki ni kile chuma cha kwenye usukani unachobana kwa vidole. Waya hukatika bila kuaga. Ukikatika ukiwa na breki moja, huna kitu. Ukiwa nazo mbili, unabaki na ya kukufikisha pembeni mwa barabara.

Na ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Najua inaogopwa. Watu wengi wameambiwa tangu utotoni kwamba breki ya mbele inabinua baiskeli, na kweli itakubinua ukiibana kwa pupa huku umeinamia usukani. Lakini angalia kinachotokea unaposimama: uzito wote unasukumwa mbele, gurudumu la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza. Kwenye mteremko hali hiyo inazidi. Ndiyo maana mwenye breki ya nyuma peke yake anaburuza tairi, anaacha alama nyeusi kwenye lami, na bado anaendelea kushuka. Mzigo mzito nyuma unaisaidia breki ya nyuma kushika, lakini ikiachiwa kazi yote peke yake inapata moto haraka.

Breki ya mbele mara nyingi ilikuwepo, ikatolewa. Rimu, yaani duara la chuma linaloshika tairi, linapopinda kidogo kwa kugonga shimo, linaanza kukwaruza raba za breki kila linapozunguka. Baiskeli inakuwa nzito, mwenyewe analalamika, fundi anafungua raba na tatizo limekwisha. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kagua rimu. Geuza baiskeli, magurudumu yawe juu. Egemeza ncha ya bisibisi kwenye foku, uisogeze mpaka ikaribie kugusa ubavu wa rimu, kisha zungusha gurudumu taratibu. Nafasi kati ya ncha na rimu ikibaki ileile mzunguko mzima, rimu iko sawa. Ikiwa mahali pengine inagusa na pengine inaachana, mwambie fundi anyooshe kwanza kwa kukaza na kulegeza spoku. Kazi hii inataka mkono uliozoea, usijaribu mwenyewe kwa mara ya kwanza kwenye baiskeli utakayoteremkia mlima. Na kama spoku zimekatika, zirudishwe zote. Gurudumu lenye mapengo halikai limenyooka hata siku mbili.

Sasa, baiskeli yako ni ya aina gani? Hapa ndipo watu wanapoteza fedha, maana wananunua breki nzuri isiyoingia kwenye baiskeli yao.

Ukiwa na ile ngumu ya siku zote, Phoenix, Avon, Hero au Swala, breki zake ni za fito. Hakuna waya, kuna vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye usukani na kuvuta raba, nazo zinabana rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama katikati ya gurudumu. Breki hizi si mbaya zikitunzwa, ila mara nyingi fito zimepinda, nati zimelegea na raba zimekwisha mpaka chuma kinasugua chuma. Usikimbilie kumwambia fundi akufungie breki za waya kama za baiskeli za gia. Rimu ya Phoenix ina kingo za mviringo, haina ubavu bapa ambao raba za aina hiyo zinaweza kuushika. Ukizitaka lazima ubadilishe na rimu zenyewe, na kwa baiskeli ya kazi gharama hiyo mara nyingi haina maana. Bora utafute fito kamili za mbele kutoka kwenye baiskeli iliyokufa. Mafundi wa zamani huwa nazo kwenye rundo lao la vyuma. Weka raba mpya mbele na nyuma, na kila nati iliyolika ibadilishwe.

Baiskeli za gia, zile zenye matairi manene, kwa kawaida hutumia breki za V: mikono miwili ya chuma iliyosimama pande mbili za gurudumu, inayovutwa na waya mmoja unaopita juu kwa ulalo. Tazama kwenye foku, na nyuma kwenye fremu karibu na rimu. Ukiona vinundu viwili vya chuma vyenye tundu la bolti, hapo ndipo breki ya V inakaa. Kama vinundu vipo na breki haipo, una bahati, kazi yako ni ndogo kuliko zote. Kama havipo, angalia kama kuna tundu katikati ya foku, juu ya tairi. Tundu hilo ni la breki ya koleo, ile inayoshikwa na bolti moja na kubana rimu kutoka juu. Pima kwanza kama mikono yake inafika kwenye rimu, maana kwenye tairi nene breki fupi haifiki, raba zinaishia kwenye tairi na kulikata.

Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, mara nyingi zina breki ya koleo mbele, na nyuma kuna ukanda unaobana ngoma ndogo iliyo kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Breki hii ya ukanda ilitengenezwa kwa mitaa ya tambarare. Kwenye mteremko mrefu inapata moto, inapiga kelele, kisha inalegea. Wengine wanaitia mafuta ili inyamaze. Tafadhali usifanye hivyo! Itanyamaza, na haitashika tena. Ukiwa na baiskeli hii mlimani, hakikisha ya mbele ina raba nzuri, na ya nyuma uipumzishe mara kwa mara.

Zipo pia baiskeli zinazosimama kwa kurudisha pedeli nyuma. Zinafaa kwa mtoto wa mjini, lakini mnyororo ukichomoka breki imekwenda nayo. Mwongezee ya koleo mbele, kama foku ina tundu. Breki za diski, zile zenye sahani ya chuma kwenye habu, ni nzuri kwa mlima, lakini kuzihamishia kwenye baiskeli isiyozaliwa nazo ni kazi kubwa: foku lazima ibadilishwe, na gurudumu pia. Kwa fedha hiyo unaweza kutafuta baiskeli nyingine.

Ukienda dukani, nenda na baiskeli yenyewe, au angalau raba ya zamani na picha ya foku kwenye simu. Mweleze muuzaji unataka breki ya mbele, na useme ni ya V au ya koleo, kwa sababu mkono wa breki nao lazima ulingane. Breki ya V inahitaji mkono unaovuta waya mrefu. Ya koleo inahitaji unaovuta mfupi. Ukifunga breki ya V kwa mkono wa koleo, utabana mpaka vidole viguse usukani na baiskeli isisimame inavyotakiwa. Muuzaji akikwambia yote ni sawa tu, nenda duka la pili.

Kuhusu fedha, chukua haya kama makadirio ya kujiandaa, kwa kuwa bei hupanda kadiri unavyokwenda mbali na mji. Tanzania, tenga shilingi 5,000 kwa raba za magurudumu yote mawili, na 5,000 nyingine kwa waya na maganda yake, ile mirija ambayo waya hupita ndani. Seti kamili ya breki ya gurudumu moja, pamoja na mkono wake na ufundi, itengee 25,000 hadi 30,000. Kenya, tenga shilingi 500 kwa raba na waya, na 1,500 hadi 2,000 kwa seti nzima pamoja na kazi. Bei ya kunyoosha rimu mpatane kabla spana haijagusa nati. Dar es Salaam vipuri vinapatikana Kariakoo; kwingineko, fundi baiskeli wa sokoni au wa stendi ndiye anayejua duka lenye raba imara na lenye zile zinazopukutika. Zikunje kidogo kwa vidole kabla ya kulipa. Raba yenye nyufa, hata kama imo kwenye pakiti mpya, imekaa dukani muda mrefu mno.

Mafundi wengine hukata raba kutoka kwenye tairi kuukuu. Kwa dharura, ili ufike nyumbani kwa tambarare, sina ugomvi nayo. Kwa mteremko wa kilomita kadhaa, nunua ya dukani.

Wakati fundi anafunga, kaa karibu utazame. Raba ya breki ya V au ya koleo ikibanwa iguse ubavu wa rimu kwa upana wake wote. Isipande juu ikagusa tairi, kwa sababu italitoboa, na isishuke chini ya rimu, kwa sababu siku moja itazama kwenye spoku. Breki ikiwa imeachiwa, kuwe na nafasi ya milimita mbili hivi kila upande. Ncha ya mbele ya raba iguse rimu kidogo kabla ya ncha ya nyuma, hiyo inapunguza kelele. Kisha tazama mahali waya unapobanwa na nati kwenye breki. Hapo ndipo pa kuhakikisha kwa macho yako: waya uwe umelala kwenye mfereji wake, nati imekazwa sawasawa, na ncha ya waya imefunikwa kifuniko kidogo isifumuke. Mwisho, bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote mara kumi. Kama waya utateleza, uteleze hapo mbele ya fundi.

Bado usiende mlimani. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele na uisukume mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Achia, bana ya nyuma, sukuma tena: gurudumu la nyuma linapaswa kuburuzika bila kuzunguka. Mikono ya breki isifike kwenye usukani hata ukibana kwa nguvu. Kumbuka pia mkono upi ni wa mbele, wa kulia au wa kushoto, maana baiskeli hazifanani, na mwambie kila atakayeazima. Baada ya hapo jaribu kwenye uwanja wa tambarare kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu kwenye kilima kidogo kisicho na magari.

Siku ya kuteremka, kaa nyuma kwenye kiti na uikunje mikono kidogo. Anza polepole tangu juu kabisa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne, kwa hiyo anayesubiri baiskeli ikimbie ndipo abane amejipa kazi ngumu mwenyewe. Tumia breki zote mbili, ukibana kwa kuongeza nguvu taratibu. Usizishikilie mfululizo kuanzia juu mpaka chini: bana, punguza mwendo kabisa, achia zipoe kidogo, bana tena. Kwenye kona, maliza kupunguza mwendo kabla hujaingia. Ukibana ukiwa umeinama katikati ya kona, tairi linaweza kuteleza, na upande wa pili huenda kuna lori linalopanda.

Mteremko ukiwa mrefu, simama njiani. Rimu inayosuguliwa muda mrefu inapata joto hadi gundi ya viraka vya tyubu inalainika, na tairi linaweza kuisha upepo ghafla ukiwa kwenye kasi. Usiiguse rimu kwa kiganja ukisimama, itakuunguza. Sogeza mgongo wa kiganja karibu nayo. Ukihisi moto bila hata kuigusa, keti ule muwa kwanza.

Mvua inabadilisha kila kitu, hasa kwa rimu za chuma. Unajuaje kama zako ni za chuma? Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, ikinasa ni chuma. Isiponasa ni alumini, ambayo inashika vizuri zaidi ikilowa. Rimu ya chuma ikiwa na maji, raba zinateleza kwa mizunguko kadhaa bila kushika chochote, kisha zinashika. Kwa hiyo bana kidogokidogo mapema, ili raba zifute maji kabla hujazihitaji. Mvua kubwa na mteremko mkali, shuka utembee.

Kutembea pia ndilo jibu la swali la mzigo. Breki nilizoeleza hapa zimetengenezwa kwa mtu na kifurushi chake, hazikutengenezwa kwa magunia mawili ya mkaa. Ukibeba vile, sukuma baiskeli kwenye sehemu kali huku mkono mmoja uko kwenye breki. Mzigo wa kawaida ufunge chini kwenye keria, ubanwe kwa mpira usiyumbe, na kamba isiachwe ikining'inia karibu na spoku.

Je, breki ikikatika katikati ya mlima? Usiruke. Bana ile ya pili kwa nguvu inayoongezeka, rudisha mwili nyuma, piga kelele watu wapishe, na utafute mahali panapopanda au penye nyasi, mchanga au kichaka upande wako wa barabara. Kama breki iliyobaki ni ya mbele, bado itakusimamisha usipoibana kwa hofu. Na kila safari, kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kidevuni, hata kama hakuna mwingine kijijini anayevaa.

Ukishafika chini, chukua dakika mbili kuzitazama raba. Zina mistari iliyochimbwa; mistari ikikaribia kufutika, badilisha. Ukiona punje za chuma au mchanga zimenasa, zitoe kwa ncha ya sindano, kwa sababu zinakula rimu. Raba iliyong'aa na kuwa ngumu ipigwe msasa kidogo. Rimu ifutwe kwa kitambaa na maji ya sabuni, kamwe isitiwe mafuta. Mafuta yanayoruhusiwa ni tone moja ndani ya ganda la waya. Kagua waya kwenye mkono wa breki, maana hapo ndipo unapopinda na kuanza kukatika nyuzi. Uzi mmoja ukikatika, nunua waya mpya siku hiyohiyo. Na baada ya wiki ya kwanza rudi kwa fundi akukazie tena, kwa kuwa waya mpya hulegea kidogo unapozoea kazi.